Sista na Mishubiri ya Mwamba

Kama mnataka kujua alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, waulizeni watu wa kwao Kirewa. Wao watawatajia mpaka majina ya mababu. Mimi nilikuwa mpangaji wake tu. Nilikaa chumba cha nyuma cha nyumba yake pale Tororo mjini, nikashona sare za shule kwenye baraza yake kwa miaka mingi kuliko nilivyokusudia, na mengi niliyoyajua juu yake niliyajua kwa kumsikia akigombeza watu. Kila mtu alimwita Sista. Hakuwa mtawa. Alikuwa muuguzi wa serikali, mkunga, aliyestaafu kazi lakini sauti akabaki nayo.

Sauti hiyo ilikuwa kubwa mno kwa mwili ule. Alikuwa mwembamba, mfupi, shingo ndefu, na alipotembea alitanguliza kidevu. Angesimama mlangoni kwake akamkemea mtu aliyetema mate ng'ambo ya barabara, na yule mtu, awe mzee wa kanisa au kondakta, angefukia mate yake kwa kiatu. Nusu ya mji ilipitia mikononi mwake siku ya kuzaliwa. Huwezi kubishana na mtu aliyekushika miguu kichwa chini ukiwa hujapata hata jina.

Asubuhi za Jumamosi alivaa viatu vyake vya raba vyeupe, vile alivyovaa wodini, akachukua chupa ya maji na kipande cha muhogo, akaenda kuupanda Mwamba. Watu wa huku hawahitaji kuelezwa Mwamba ni upi. Umesimama katikati ya mji, jiwe tupu lililochomoza ardhini, na huwezi kuukwepa hata ukitaka. Ukifungua dirisha uko, ukianika nguo uko. Kuna ngazi za chuma za kupandia, na juu kuna milingoti ya simu. Wageni hupanda wakapigwa picha, wakashuka na kusema wameona Kenya, ng'ambo ya mpaka. Sista hakupanda kuangalia Kenya. Alipanda kuangalia ufa.

Katika nyufa za Mwamba, mahali ambapo udongo wote uliopo ungejaa kikombe cha chai, humea mshubiri mdogo. Majani yake ni mafupi na manene, yana madoa meupe na vijimiba pembeni, na mengi huning'inia kwenye ukingo wa jiwe kana kwamba mmea unataka kuruka. Miezi mingi hauna sura yoyote. Jua likizidi hujikunja na kugeuka rangi ya kutu, na usiyeujua ungeapa umekufa. Kisha siku moja hutoa kijiti chembamba chenye vikengele vyekundu, chozi wanafika, ndege wadogo wale wenye mdomo uliopinda, na jiwe lote linakuwa na shughuli.

Zamani kidogo, kabla sijahamia kwake, alipita mama mmoja mtafiti kutoka chuo kikuu Kampala, akalala kwa Sista siku chache. Ndiye aliyemwambia kwamba mshubiri ule haujaonekana pengine duniani, ila kwenye jiwe lile. Sista aliishi chini ya jiwe hilo miaka yake yote ya kazi na hakuwa amewahi kuuangalia mmea huo mara mbili. Tangu siku hiyo akawa kama mkunga aliyekabidhiwa mtoto njiti. Baada ya kustaafu alitaka jambo moja tu hapa duniani, na hakulificha kwa mtu yeyote: mishubiri ile ibaki vilevile ilivyo, pale pale ilipo, mpaka yeye azikwe na baada ya kuzikwa.

Maadui wake walikuwa wengi, na wengi wao walikuwa wagonjwa. Watu walipanda kung'oa mishubiri kwa ajili ya malaria, tumbo, vidonda, nywele kukatika, hata kwa ajili ya kuku. Siku moja niliyoongozana naye tulimkuta mwanamume wa kutoka Mella akishuka na gunia. Miguu ilikuwa ikimtetemeka, na haikuwa kwa woga wa ngazi.

"Wewe, ndani ya gunia iko nini?" Sista akauliza.

"Dawa tu, Sista. Ya malaria. Mimi nachemsha, nakunywa."

"Nani amekuandikia hiyo dawa?"

"Mama yangu alikuwa nakunywa hii."

"Na mama yako iko wapi sasa?"

Yule bwana akaangalia chini. "Alikufa, Sista."

"Haya," akasema Sista, akanyoosha mkono kupokea gunia.

Akamgusa paji la uso, akaita bodaboda, akampakia kwenda hospitali, na dereva akapewa maagizo kana kwamba amebeba mayai. Halafu akapanda Mwamba peke yake, akairudisha mishubiri yote kwenye nyufa, huku akimtukana mgonjwa wake kwa Kidhopadhola, lugha ya kwao, kwa sauti niliyoisikia nikiwa chini. Jioni alikwenda wodini kumwangalia. Bwana yule alipona, na tangu hapo kila msimu wa karanga alileta kikapu. Kila mara Sista alimpima joto kwa kiganja kabla ya kukipokea.

Msidhani kwamba mwenyewe alikuwa mtu wa kunyooka pande zote. Aliyewafokea watu kwa kuchemsha majani alikuwa na mululuza wake, jani chungu la kienyeji, nyuma ya choo. Tumbo likimsumbua alikwenda kulitafuna huko kimyakimya akidhani hatumwoni. Nyumba ya watu ikiwa na vumbi hakuketi, lakini sebuleni kwake alijaza mawe aliyoyaokota, na nikimwambia Sista mawe haya yanaleta buibui, angesema buibui nao ni viumbe. Kofia yake ya kanisani ilikuwa na maua ya plastiki ya zambarau, makubwa kama vikombe. Maua halisi hakukubali yakatwe. Tulipokwenda harusini Buhehe, bibi harusi akapita na shada lake, Sista akasema kwa sauti ile ile ya wodini, "Ua ukishakata ni maiti. Banange, nani nabeba maiti kwa harusi?" Nilitamani ardhi inimeze. Bibi harusi mwenyewe alicheka mpaka wanja ukamtiririka, maana naye alizaliwa mikononi mwa Sista na alishazoea.

Pia alikosea watu. Mwalimu mmoja aliwaleta wanafunzi wake Mwambani, watoto waliotulia, kila mmoja na kalamu yake, wakachora mishubiri bila kuigusa. Sista akawatimua wote akisema wanakanyaga. Hawakukanyaga kitu. Nilimwambia hivyo usiku huo huo, na kwa siku kadhaa tulisalimiana kama watu wa benki. Hakukubali kosa. Ila wiki iliyofuata nilimwona akibeba kikapu cha machungwa kuelekea ile shule, na alipokutana na macho yangu akasema machungwa yanamuozea nyumbani. Nyumbani kwake hakukuwa na mchungwa.

Mimi aliniita Mukenya. Hakuwahi kuniita jina langu, na baada ya muda nilianza kuitika kwa jina hilo hata sokoni. Nilipokwenda kwetu Busia kumwona mama na kununua nyuzi, mara nyingine alifuatana nami, akavuka mpaka akiwa amevaa kofia yake, akitoa salamu kwa lugha zote nne za njiani. Upande wa Kenya kulikuwa na dada mmoja aliyeuza miche kwenye makopo ya rangi. Alikuwa na alovera nyingi, zile nene za kijani, zenye maji, za kutengenezea mafuta na sabuni.

"Mathe, hii ni noma," dada akamwambia. "Ya ngozi, ya nywele, ya tumbo, yote iko ndani. Nikufungie ngapi?"

"Inatoka mulima gani?" Sista akauliza.

"Mlima? Hii natoa kwa shamba yangu, mathe."

"Kwao ni wapi?"

"Haina kwao. Ukipanda inashika, popote." Dada akacheka. "Ni kama mimi tu. Nimezaliwa Nakuru."

Sista hakununua. Tulipokuwa tukirudi mpakani alinieleza kitu ambacho kumbe kilikuwa kikimkosesha usingizi. "Mukenya, wewe iko na mahindi nyeupe. Jirani iko na mahindi ya njano. Zote natoa maua siku moja. Wewe navuna nini?"

"Madoadoa," nikasema. Mimi pia ni mtoto wa mkulima.

"Madoadoa. Sasa hii alovera ni nduguye yule mushubiri yangu. Ikikaa karibu, nyuki napita hapa, napita pale. Mbegu itakuwa ya madoadoa. Mwaka huu, mwaka kesho, na yule wa kwetu hakuna tena. Hakuna mutu ameua. Imeisha tu."

Alisema "imeisha tu" kwa namna ambayo wauguzi huwaambia ndugu wa marehemu.

Halafu akaanguka. Mwanamke aliyepanda jiwe lile miaka yote bila kuteleza aliangushwa na kipande cha sabuni bafuni kwake. Nyonga ikavunjika. Alipotoka hospitali alilazwa chumbani, dirisha likiangalia Mwamba, akawa mgonjwa mbaya kupita wote aliowahi kuwauguza. Alikosoa jinsi tulivyokunja shuka. Alikosoa uji. Alimkosoa daktari kwa kuandika vibaya.

Akina mama wa kanisa lake wakamwuguza zamu kwa zamu. Wengi wao walitoka vijijini alfajiri, wakafika na ugali wa wimbi umefungwa kwenye kitambaa, wakamwogesha, wakambeba mpaka chooni, wakafua. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mkulima, mnene, mpole, mwenye maneno machache, tuliyemwita Mama Mwenyekiti. Watoto wake pacha walizaliwa kwa mikono ya Sista, usiku ambao kila mtu alikuwa ameshakata tamaa. Mama huyo hakujibu hata kemeo moja. Alikuwa akisema tu, "Ndiyo, Sista," akaendelea kumkanda mguu.

Wakati huo nilikuwa nimekwenda Busia kwa siku chache, mama yangu akiumwa. Akina mama wakakaa na kujadiliana wampe Sista zawadi gani ya kumtia moyo. Wote walijua anachokipenda. Wakawatuma vijana wa kanisa wapande Mwamba waangalie hali ya mishubiri yake, na vijana wakarudi na habari mbaya. Kiangazi kilikuwa kimekaza. Mishubiri imesinyaa, imekuwa ya kutu, midogo kama vidole vya mtoto. Sasa akina mama hawa ni wakulima. Mkulima shamba lake likidhoofu halii. Anatafuta mbegu bora. Wakavuka Busia, wakanunua magunia ya miche ya alovera, minene, yenye afya, wakaipandisha Mwambani na vijana wao, wengine na watoto mgongoni. Wakapanda kila ufa uliokuwa na udongo. Waliifanya kazi hiyo siku nzima, na waliifanya kwa upendo ambao mimi sijawahi kufanyiwa na mtu.

Nilirudi jioni hiyo hiyo nikakuta chumba cha Sista kimejaa. Mama Mwenyekiti alikuwa ameshika simu mbele ya uso wake, kwenye picha akina mama wamesimama juu ya jiwe wakicheka, na miguuni mwao alovera imejipanga kila mahali. Nilielewa mara moja. Nikangoja mlipuko.

Haukuja. Sista aliangalia picha ile muda mrefu.

"Asante," akasema. Halafu akasema tena, "Asante sana, mama."

"Yako zilikuwa zimechoka," Mama Mwenyekiti akaeleza.

"Na yangu iko wapi?"

"Iko hapo hapo. Hatukung'oa. Tulisogeza kidogo tu, ipishe hii mupya."

Sista akafumba macho, akasema anataka kupumzika. Akina mama wakatoka kwa kunyata.

Nilipofunga mlango alikuwa analia. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku ya kuvunjika, na nilijisikia vibaya kama mtu aliyefungua chumba kisicho chake. Nikamwambia jambo lililokuwa rahisi kwangu: waambie ukweli, Sista, wewe hujawahi kumficha mtu ukweli.

"Nawaambia nini?" akajibu. "Hawa wamenibeba mpaka choo, Mukenya. Wamepanda ile ngazi na watoto mugongo. Nawaambia mumeharibu?"

"Basi mimi nitapanda niing'oe."

"Wewe nang'oa zawadi ya watu juu ya Mwamba? Mji muzima itakuona." Akaangalia dirishani. "Na mvua ikianza, ile kitu itashika. Ikishashika itatoa maua."

Siku zilizofuata alilala akiwa amegeukia dirisha. Hakukosoa shuka wala uji, akina mama wakaanza kumwombea kwa wasiwasi wakidhani anaondoka. Mawingu yakaanza kukusanyika upande wa Busia. Kila alasiri aliniuliza kama imenyesha huko, na nilipomwambia bado alishusha pumzi.

Jumapili akaniomba nimkalishe kitini na kumvika kofia ya maua ya plastiki. Akina mama walipotoka kanisani wakaja kama kawaida, wakaketi kwenye mikeka. Sista akawaangalia mmoja mmoja.

"Mimi nauliza kitu," akasema. "Kwetu sisi, mama akijifungua, kuku napelekwa wapi? Kwa muzazi au kwa mulima?"

Wakacheka. "Kwa muzazi!"

"Mutu akifiwa, mahindi napelekwa wapi?"

"Kwake! Nyumbani!"

"Basi zawadi yangu mbona iko juu ya jiwe?" Akapiga fimbo sakafuni. "Mimi na hii muguu nakwenda kuiona lini? Mugeni akija hapa, namuonyesha nini? Simu? Mumenipa zawadi na mumeiacha njiani. Nani alifundisha nyinyi?"

Huku kwetu zawadi haijafika mpaka imefika kwenye boma la mwenyewe, na kuiacha njiani ni aibu kubwa. Wakaangaliana. Nilimwona Mama Mwenyekiti akimtazama Sista kwa makini, macho yake yametulia, halafu akasema, "Ni kweli. Tumekosa. Tutaleta." Mtu mmoja akapiga kigelegele, na wengine wakafuata.

Waliileta yote kabla mvua haijashika. Nilipanda nao, na nilipekua kila ufa kwa vidole vyangu, nikairudishia udongo mishubiri midogo iliyosogezwa. Walishuka na magunia wakiimba, wakapanda alovera kuzunguka nyumba nzima, kuanzia lango mpaka choo, mpaka chini ya cherehani yangu. Sista alikaa barazani akielekeza: hapa, pale, isogeze, asante. Alimruhusu adui aingie nyumbani kwake na akamshukuru aliyemleta. Nimeona watu wakitoa vitu vikubwa, mashamba na ng'ombe, wakatangaza kanisani. Sijaona kilichonigusa kama mwanamke yule mkali akijifunga mdomo ili wenzake wasiumie, na wakati huo huo akiokoa kile alichokuwa akikitaka. Nilimpenda sana siku ile, na sikumwambia, kwa sababu angeniuliza kama nina homa.

Muda si mrefu baadaye hali ya mama yangu ikanirudisha Busia moja kwa moja. Nikafungua kibanda changu cha ushonaji huko, na Tororo ikawa mahali pa kwenda nikipata nafasi. Nafasi ilichelewa. Nilipokwenda, kiangazi kingine kilikuwa kimefika, msimu wa alovera kutoa maua, na njia nzima kutoka Busia, huko vijijini, kila boma lilikuwa na vijiti vya rangi ya machungwa vimesimama. Sikwenda nyumbani kwake kwanza. Nilipanda Mwamba, kwa sababu nilijua swali la kwanza litakuwa lipi.

Niliposhuka na kufika kwake nilimkuta ameketi kwenye kigoda katikati ya alovera zake, mgongo ameupa lango, magongo ya kutembelea yamelala pembeni. Alikuwa amezeeka. Shingo ilikuwa imekuwa nyembamba zaidi, na mikono ilitetemeka. Bustani ilikuwa imestawi ajabu, majani manene yanakaribia goti, ila hapakuwa na ua hata moja. Nilipokaribia nikaona kwa nini. Alikuwa akipapasa katikati ya majani, akikuta kijiti kimechomoza anakivunja kabla hakijafunguka, na kukificha chini ya leso iliyokuwa mapajani.

"Mukenya," akasema bila kugeuka, maana aliijua miguu yangu. "Umepanda?"

"Nimepanda."

"Iko na maua?"

"Iko, Sista. Kule upande wa ngazi ya juu, na kwenye ule ufa mrefu. Chozi wamejaa."

"Nyekundu ile ile?"

"Ile ile."

Akafunika uso kwa mikono yake yenye utomvu, akakaa hivyo. Niliketi chini karibu naye. Baadaye akanieleza kwamba kila asubuhi huanza langoni na jioni anakuwa amefika choo, na kesho yake huanza upya, kwa sababu Mwamba uko pale tu na nyuki hawana mpaka. Akina mama walikuwa wakija na kuisifu bustani, naye alikuwa akiwaambia kwamba alovera za namna ile hazitoi maua. "Nasema uongo kila siku," akasema. "Mimi, mutu ya kanisa."

Lango likalia. Mama Mwenyekiti akaingia na chupa ya uji. Sista akafunika mapaja yake haraka kwa leso, akaweka mikono juu yake kama mtoto anayeficha sukari. Mama yule akanisalimia, akaniuliza hali ya mama, akaweka chupa chini. Akaiangalia leso.

"Sista, toa hiyo kitu. Utomvu itakuwasha."

"Kitu gani?"

"Maua."

Mimi nilijifanya kuangalia paa.

"Wewe unajua tangu lini?" Sista akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Tangu ile siku ya picha. Ulisema asante mara mbili, na hukugombeza mutu. Tukatoka nje, tukaulizana, tumekosa wapi? Hatukujua ni nini. Tulijua tu iko kitu." Mama Mwenyekiti akavuta pumzi, hayo yalikuwa maneno mengi kwake. "Ulipotaka tulete hapa, nikawaambia wenzangu, yeye naturudishia kwa heshima, na sisi tubebe kwa heshima. Sasa kiangazi hii kule kijijini naona alovera ya kila mutu natoa maua, na yako hapana. Mimi nalima mahindi, Sista. Nikaelewa."

"Mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona hukutuambia?"

Machozi yalikuwa yakimshuka Sista na hakuyafuta. Mama Mwenyekiti hakumwangalia. Alichukua kigoda changu cha zamani barazani, akakiweka upande wa pili wa mstari, akakusanya gauni lake katikati ya magoti, akaingiza mkono wake mnene kwenye majani.

"Huku ya choo hujafika," akasema, akavunja cha kwanza.

Sista alimtazama akivunja cha pili, na cha tatu. Kisha kidevu kikainuka.

"Vunja chini!" akafoka, mpaka mtu aliyekuwa akipita barabarani akasimama. "Chini kabisa, mama, wewe ni mukulima gani? Ukiacha kisiki itatoa ingine!"

"Ndiyo, Sista," akajibu Mama Mwenyekiti, akainama zaidi.